Mchezo wa Vivuli Katika Ghala la Mpunga

Padri aliyetufundisha mambo ya China hakuwa Mchina. Alikuwa Mzungu mwenye ndevu mpaka kifuani, kama mapadri wengine wote wa misheni yetu pale Ifakara, ila yeye alikuwa amekaa China miaka mingi hata akawa anakunywa chai bila maziwa wala sukari, na wali anaula kwa vijiti viwili. Sisi tuliokuzwa kwa wali tulikwenda kuchungulia dirishani ili tumcheke ukimdondoka. Haukudondoka hata punje. Tulirudi tumenuna.

Alifika kwetu katikati ya miaka ya hamsini, baada ya serikali mpya ya kule kuwafukuza mapadri wa kigeni. Mimi wakati huo nilikuwa binti mkubwa. Nilikuwa nimemaliza shule ya kati kwa masista, nashona vitambaa vya altare huku nasubiri Januari niende chuo cha ualimu, maana nafasi nilikuwa nimeshapata. Halafu, mpunga ulipokwisha kuuzwa, wakaja wazee kutoka upande wa Mahenge, wakakaa na baba barazani, wakala kuku wetu wawili, na walipoondoka nikawa mchumba wa mtu. Hakuna aliyeniuliza. Mama alinipa habari hiyo tukiwa tunatwanga, kama anayenikumbusha kwenda kuchota maji. Harusi ilikuwa Krismasi.

Bwana mwenyewe sikuwa na neno naye. Mtu wa Kanisa, shamba analo, halewi. Lakini mimi nilitaka kufundisha! Nilitaka kusimama mbele ya ubao na chaki mkononi, watoto waniambie shikamoo mwalimu, na nilikitaka kitu hicho mpaka chakula kikawa hakipiti. Kumwambia baba? Thubutu. Kwetu binti hazungumzi na baba yake habari za kuolewa. Ujumbe unapita kwa mama, mama anampa shangazi, na shangazi akiuona mchungu anaumeza huko huko. Nilimtuma mama, mama akamtuma shangazi, na sikusikia kitu tena.

Basi siku moja padri akaingia chumba cha kushonea kutafuta mtu mwenye mkono mzuri wa mkasi. Masista wakanionyesha mimi. Kazi yenyewe ilikuwa ya ajabu. Alisema China kuna mafundi wanaozunguka vijijini na sanduku la watu wa ngozi. Wanatundika shuka, wanawasha taa nyuma yake, na wale watu wa ngozi wanatembea, wanapigana, wanaoana, huku watazamaji wakiona vivuli vyao vya rangi tu. Wa kwake aliokuwa nao alinyang'anywa mpakani pamoja na vitabu. Kwa hiyo tulitengeneza wapya. Tulikwangua ngozi za mbuzi kama wafanyavyo mafundi wa ngoma, tukazipaka mafuta mpaka ukiziweka dirishani mwanga unapita. Wekundu tulipata kwenye wino wa masista wa kusahihishia, na rangi ya samawati kwenye buluu ya kufulia. Viungo niliviunga kwa uzi, na kila mtu wa ngozi alikuwa na vijiti vyake vya mwanzi vya kumwendeshea.

Tukiwa tunakata, padri alikuwa anasimulia. Zamani, alisema, michezo ile ilikuwa ya wafalme na mashetani. Serikali mpya ilipoingia, mafundi waliambiwa wafalme sasa basi, walete wakulima. Ikatoka na sheria ya ndoa, kwamba mtu asiozwe bila ridhaa yake mwenyewe, na vikundi vya vijana vikapita vijijini na ngoma na michezo kuitangaza. Wasichana wa vikundi hivyo walikuwa wamekata nywele mpaka masikioni, wamevaa suruali za buluu kama wanaume. Kijijini kwake waliigiza binti anayemwambia baba yake kwamba hataki. Mbele kabisa walikaa mabibi vizee waliofungwa miguu tangu utotoni ili isikue, mpaka ikabaki midogo kama ngumi, na wale mabibi walilia kuanzia mwanzo mpaka mwisho.

Vijana hao hao ndio waliokuja kumsimamisha uani mbele ya waumini wake, wakamsomea makosa, wakamchukulia nyumba na miti yake ya matunda aliyoipanda mwenyewe. Nilimuuliza kama anawachukia. Akafikiri, akasema kwa ajili ya miti, ndiyo, anawachukia kidogo. Kisha akaweka kisu chini.

"Lakini ule mchezo," akasema, "ulikuwa wa kweli."

Sijui nini kilinifungua mdomo, lakini hapo nikamweleza yangu yote, chuo, posa, Krismasi, mpaka shangazi. Aliendelea kukwangua ngozi yake. Kesho yake akaniambia mchezo wa safina ya Nuhu tuliokuwa tunauandaa tumeuacha. Tutacheza ule mchezo wa binti. Mimi ndiye binti, yeye ndiye baba, na nyuma ya shuka hakuna atakayeniona.

Padri mkuu wa misheni alipopata fununu alikuja juu. Mchezo wa wakomunisti ndani ya ghala la Kanisa! Na serikali ya Mwingereza siku hizo ilikuwa inashtuka hata ikiona watu wachache wamesimama pamoja, maana habari za uhuru zilikuwa zimeanza kusikika mpaka huku bondeni. Padri wangu akamwuliza taratibu, kwani wewe ukifungisha ndoa humwulizi binti kama anakubali? Mkuu akashika ndevu, akaenda zake.

Tulicheza Jumapili, jua likianza kushuka. Ghala lilikuwa tupu, malori yalishabeba mpunga wote. Shuka la masista tulilitundika mbele ya mlango mkubwa wa magharibi, jua lenyewe likawa taa yetu, na watu wakajaa ndani gizani. Baba yangu alikuwa mstari wa mbele, kwenye kigoda. Ilibidi awepo. Kwetu hadithi haisikilizwi kimya, msikilizaji anaitikia, anauliza, na msimuliaji akikwama anasukumwa mbele, na kwa kazi hiyo baba alikuwa hodari Ifakara nzima. Watu wakimwona amekaa mbele walijua siku imenoga.

Tulifungua na yule kiboko wa ngozi tuliyemkatia safina, ili watu wazoee. Kiboko akatoka mtoni, akaingia shamba la mpunga, akala. Weee! Ghala lote lilisimama kumfukuza. Mama mmoja, ambaye nadhani kiboko wa kweli alishamtia hasara, alimrushia kibuyu, kikapiga shuka na kunipata mimi begani. Nilicheka mpaka vijiti vikanitoka mkononi.

Ndipo akatoka binti. Nilimpigisha magoti mbele ya baba yake wa ngozi.

"Baba," nikasema, "nimesikia nimeposwa. Huyo bwana simdharau, wala wewe sikudharau. Lakini naomba niende kwanza nikasome."

Hapo ilikuwa zamu ya padri. Tulipatana baba wa ngozi akasirike kidogo, azunguke, kisha akubali. Nikamtazama padri pembeni yangu. Ndevu zake zilikuwa zimelowa machozi, na maneno yaliyomtoka yalikuwa ya Kichina. Kile Kiswahili tulichokikariri wiki nzima kilikuwa kimepotea chote. Alikuwa anasema kama alivyosikia kule kijijini kwake, maneno marefu, na baba wa ngozi anatikisa mkono juu na chini.

Watu wakaanza kunong'ona. Huyu mzee anasema nini? Mmoja akasema anamlaani mtoto. Nikajua yamekwisha. Mchezo umeharibika, chuo kimepotea, Krismasi hiyo inakuja. Mkono wangu ulitetemeka, na juu ya shuka binti mzima akawa anatetemeka.

Kigoda kikalia. Baba yangu alikuwa amesimama. Alisema na lile shuka kwa sauti yake ya polepole, ile ya kusuluhishia kesi.

"Mzee mwenzangu, mtoto amekuomba kwa adabu. Mjibu kwa lugha anayoijua."

Padri alifungua mdomo, hakikutoka kitu. Baba akasubiri, kama inavyotakiwa.

"Basi kama umekwama, nitakusaidia," akasema. "Nenda kasome, mwanangu. Watu wa posa nitaongea nao mimi."

Vigelegele vilipigwa mpaka popo wakatoka darini. Watu waliona ni utundu wake wa kila siku, anamsukuma msimuliaji, na wakafurahi. Mimi nilibaki nimekaa chini nyuma ya shuka, sijui nishike lipi. Alimjibu binti wa ngozi, au alinijibu mimi? Nilitembea mpaka nyumbani nyuma yake, na njia nzima alikuwa anazungumza na majirani habari za kiboko.

Tulikula. Aliponawa mikono aliniita, mama akiwa nje anaosha vyungu.

"Ungeniambia hapa nyumbani ningekukatalia," akasema, bila kunitazama. "Mzee gani anashindwa na binti yake mbele ya mkewe? Kule ghalani kila mtu alidhani natania. Kesho nakwenda Mahenge kurudisha posa."

Nikapiga magoti kushukuru. Akanizuia kwa mkono.

"Kuna jambo moja sikulipenda. Ulikuwa unatetemeka. Mwalimu hatetemeki mbele ya watu."

Nikasema ndiyo, baba. Nikakimbilia jikoni, nikalia na kucheka kwa pamoja, mpaka mama akaja mbio akidhani nimeungua.