Nilikaa Dawati Moja na Mama Mkwe Ili Shule Isifungwe

Siku niliyosimamishwa mbele ya darasa kwa kosa la kunong'onezana na mama mkwe wangu, nilikuwa na miaka arobaini na moja, ndevu kidevuni na watoto wawili.

Msicheke kwanza.

Wenye wakwe mnaelewa. Mkwe ukimwona njiani unashusha sauti, unaamkia, unapita pembeni. Sasa nyie fikirieni mnabanana naye kwenye dawati la watoto, magoti yamekufika kidevuni, halafu yeye ndiye anakuazima kifutio.

Yalinikuta mimi. Tena kwa hiari yangu, kama mtu anavyokwenda kung'oa jino kwa hiari yake.

Mimi ni fundi baiskeli. Kibanda changu kiko njia panda, hatua chache tu kutoka shule yetu ya kijiji. Shule yenyewe ndogo: vyumba vinne, walimu watatu, wanafunzi hamsini na mmoja.

Hao hamsini na mmoja ndio waliotuletea balaa.

Ilikuja barua kutoka ofisi ya elimu. Mwalimu mkuu akatuita wazazi wote, akatusomea. Shule yoyote yenye wanafunzi chini ya sabini itafungwa mwisho wa muhula. Watoto watahamia shule kubwa.

Shule kubwa iko kilomita tisa. Katikati kuna mto, na juu ya mto kuna gogo. Hilo gogo ndilo daraja.

Ukumbi ukalipuka.

"Tuandamane!" akapiga kelele fundi uashi, jamaa mmoja pande la mtu, tunamwita Zege.

"Tuandamane mpaka wapi?" akauliza muuza maziwa. "Tukishamaliza hizo kilomita tisa nani atakuwa na pumzi ya kupiga kelele?"

"Basi tuandike barua."

"Tumeshaandika mbili. Zimejibiwa kwamba zimepokelewa."

"Halafu?"

"Halafu basi. Zimepokelewa."

Hapo ndipo mama mkwe wangu akainuka.

Huyu mama alikuwa mkunga miaka thelathini. Nusu ya watu waliokuwa mle ndani aliwapokea yeye siku wanazaliwa. Mtu aliyekuona huna nguo wala meno, unaanzia wapi kumbishia?

"Mwalimu," akasema, "hiyo barua inasema mwanafunzi ni nani?"

Mwalimu akapekua kurasa. "Inasema... mwanafunzi ni mtu yeyote aliyeandikishwa shuleni na kuhudhuria masomo kwa siku zisizopungua arobaini."

"Mtu yeyote?"

"Ndivyo ilivyoandikwa, mama."

"Mimi si mtu?"

"Ni mtu, mama."

"Basi niandike. Bado kumi na wanane."

Watu walicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Lakini kicheko kilipotulia, mkono wa Zege ulikuwa juu. Kisha wa muuza maziwa. Kisha kinyozi na mkewe. Mikono ikaendelea kuota kama uyoga.

Mimi wakati huo nilikuwa natembea kinyumenyume kuelekea mlangoni.

Shati likavutwa. Mke wangu.

"Unakwenda wapi?"

"Kuna baiskeli ya mtu inanidai spoki."

"Spoki zitakungoja. Wamefika kumi na wanane. Utaacha shule ifungwe kwa kukosa mtu mmoja?"

Kabla sijajibu, mkono wangu ulikuwa juu. Ameuinua yeye.

Nikawa wa kumi na tisa.

Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga, maana kulikuwa na jambo ambalo nililificha kama mwizi anavyoficha alichoiba.

Nilikuwa sijui kusoma.

Ndiyo. Fundi mzima, mume wa mtu, sijui kusoma. Nilipokuwa mtoto shule ilikuwa kilomita nane kutoka kwetu. Nilisoma mwaka mmoja na ushee. Masika ya pili mto ukanirudisha mara tatu. Mara ya nne sikujaribu tena, na hakuna aliyeniuliza.

Nilipokwenda kuchumbia nikajitangaza kwamba nimemaliza darasa la saba. Uongo ukishautamka mbele ya wakwe unakuwa kama chumba ulichojenga mwenyewe. Unaishi humo.

Mteja akiniletea karatasi, nasema, "Nisomee, mikono ina grisi." Ikija barua nyumbani, nasema miwani nimeisahau kibandani. Na sijawahi kumiliki miwani.

Jumatatu tukapewa jaribio la kutupanga madarasa. Nikachora chora. Mwalimu mkuu akaichukua karatasi yangu, akaitazama, akanitazama, akasema taratibu, "Darasa la pili."

Nikatamani ardhi ipasuke. Darasa la pili ndimo alimo binti yangu!

"Huyo mwingine wa darasa la pili," mwalimu akaendelea, "ni mama."

Mama mkwe akajifunga kanga kiunoni vizuri. "Nikae na mkwe wangu huyu. Macho yangu hayaoni ubao, atakuwa ananisomea."

Siku ya kwanza binti yangu aliniomba jambo moja tu: "Baba, ukikosea, usinitazame."

Nikamwahidi. Nikakosea, nikamtazama. Akafunika uso kwa daftari.

Shuleni kulikuwa na vituko vya kila namna. Zege alivunja dawati siku ya pili, la kwake akalitengeneza, la jirani akalivunja. Kinyozi alifukuzwa kipindi kwa kumnyoa mwenzake nyuma ya darasa. Muuza maziwa aliomba ruhusa ya kwenda chooni, akarudi kesho yake.

Na mimi nikawa nimekaa bega kwa bega na mama mkwe, nimejikunja upande kama kuku kwenye tenga, nisije nikamgusa.

Mwalimu akaandika neno ubaoni. Mama mkwe akainama. "Mwanangu, pale pameandikwa nini?"

"Pale, mama... pale..."

"Naona kama ni 'ka'. Au macho yangu?"

"Ni 'ka', mama."

"Halafu kama 'la'?"

"Ni 'la'."

"Halafu 'mu'. Kalamu! Asante, mwanangu. Bila wewe ningepotea."

Ikawa ndiyo desturi yetu. Yeye anauliza, anajijibu, mimi nakubali. Siku ya kumi nikagundua kitu cha ajabu: alikuwa anauliza, na mimi nilikuwa najibu kabla yake.

Tukawa tunanong'ona mno. Ndipo tuliposimamishwa wote wawili mbele ya darasa, yeye na mvi zake, mimi na ndevu zangu. Watoto wakacheka hadi mmoja akaanguka. Mama mkwe alinitazama kwa pembe ya jicho, akaziba mdomo kwa kanga. Nikaona mabega yake yanatikisika. Na mimi nikashindwa. Tukacheka, jamani, mkwe na mkwe, mpaka machozi.

Siku arobaini zikatimia. Hakuna aliyekosa siku hata moja. Siku ya arobaini na mbili, afisa elimu akaja kuhesabu.

Alikuwa mama mmoja mkavu, hana maneno mengi. Amevuka lile gogo, sketi imelowa mpaka magotini, faili amelikumbatia kifuani. Akahesabu watoto: hamsini na mmoja. Akafunga faili.

"Bado wengine, afisa," mwalimu akasema.

Tukasimama. Watu wazima kumi na tisa, mashati yamechomekewa.

Afisa akatutazama kama mtu aliyeletewa chakula ambacho hakuagiza. "Hawa ni wazazi."

"Ni wanafunzi. Daftari la mahudhurio hili hapa."

"Mwalimu, usinifanyie mchezo. Mmewakusanya asubuhi hii."

"Siku arobaini na mbili, afisa."

Akapitisha macho darasani taratibu. Mimi nikajibanza nyuma ya mama mkwe. Kosa kubwa. Mtu anayejificha ndiye anayeonekana.

"Wewe. Unayejificha nyuma ya bibi. Njoo."

Mama mkwe akanisukuma kwa kiwiko. Nikaenda.

Afisa akachomoa karatasi kwenye faili. Ile barua yenyewe. Akaweka kidole kwenye mstari. "Kama wewe ni mwanafunzi, soma."

Darasa likawa kimya, ungeweza kumsikia nzi akinawa mikono. Mke wangu alikuwa dirishani na wazazi wengine. Nikaona herufi zinacheza.

Nikavuta pumzi.

"Mwa... mwana... mwanafunzi... ni mtu... ye... yeyote..."

Mtoto mmoja akacheka. Binti yangu akamkata jicho, akanyamaza.

"...a-li-ye... aliyea... aliyeandi... kishwa. Aliyeandikishwa!"

Nikaendelea. Nilifika kwenye "zisizopungua", nikakwama. Zi. Si. Zo. Nikarudi nyuma, nikajikwaa tena. Jasho likadondoka kwenye karatasi ya serikali. Hakuna aliyenisaidia, na niliwashukuru baadaye kwa hilo. Mara ya tatu neno likatoka lote, zima zima, kama mtoto mkaidi.

"...siku zisizopungua arobaini."

Afisa akaichukua karatasi. "Unasoma kama mtoto wa darasa la pili."

"Ndiyo, afisa. Mimi ni wa darasa la pili."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Na huko nyuma hukusoma kwa nini?"

Hapo ningeweza kudanganya. Uongo ulikuwa tayari ulimini, nimeuzoea. Lakini nikamwona binti yangu, na safari hii alikuwa ananitazama yeye.

"Shule ilikuwa kilomita nane," nikasema. "Kulikuwa na mto. Wewe leo umevuka wetu, sketi ndiyo hiyo. Mimi nilikuwa na miaka minane. Niliacha, afisa, na nimewadanganya watu wote hawa kwamba nilimaliza. Ukifunga hii, wapo humu ndani ambao kesho kutwa watakuja kudanganya kama mimi. Hatutawajua, maana tunajificha vizuri."

Sikuthubutu kutazama dirishani.

Afisa akatazama sketi yake. Akafungua faili, akaandika muda mrefu. Alipokuwa anaondoka akamwambia mwalimu neno moja tu:

"Sabini."

Wiki tatu baadaye barua ikaja. Shule haifungwi. Ila, barua ikasema, kwa kuwa watu wazima ni wanafunzi halali, watafanya mtihani wa mwisho wa muhula kama wenzao.

Zege alipiga yowe la huzuni lililosikika hadi mtoni.

Tukafanya. Mama mkwe akapata tisini na sita. Mimi hamsini na mbili. Ripoti ilitakiwa isainiwe na mlezi, basi nikaipeleka nyumbani kwa mke wangu, nimeinamisha kichwa.

Tangu ile siku ya afisa hatukuwa tumelizungumza. Nikaona sasa nimwombe radhi.

"Mama watoto, nilikudanganya. Miaka kumi na moja."

Alikuwa anasaini. Hata hakuinua kichwa.

"Hukunidanganya."

"Nilikuambia nimemaliza la saba."

"Uliniambia. Sikuamini." Akaweka kalamu chini. "Baba watoto, unakumbuka mwaka ule wa kwanza, kila Jumapili nilikuwa nakuwekea gazeti mezani?"

"Nakumbuka."

"Lilikuwa gazeti moja. Lile lile. Miezi minne. Na kila Jumapili unalifungua, unatikisa kichwa, unasema, 'Jamani, nchi hii inakwenda wapi?'"

Sikuwa na pa kuficha uso.

"Kwa nini hukusema?"

"Ulikuwa unatikisa kichwa kwa uchungu kweli. Nikakuonea huruma." Akaanza kucheka, akacheka mpaka akaegemea ukuta. "Nilimwambia mama tu."

Mama?

Nikatoka mbio na ripoti mkononi. Nilimkuta mama mkwe uani kwake, anasoma kitabu kinene, maandishi madogo kama mchanga. Hana miwani.

Nikasimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Kumbe macho yako yanaona."

"Yanaona mpaka ng'ambo ya mto."

"Na lile jaribio la kutupanga?"

Akafungua ukurasa mwingine. "Mkunga gani asiyejua kuandika? Nilikosea kila swali. Kazi ngumu, kukosea kila swali. Mwalimu alinikonyeza."

Nikakaa chini pale pale, ripoti mkononi.

"Shule ilikuwa inatafuta wanafunzi kumi na tisa," akasema. "Mimi nilikuwa natafuta mmoja. Sasa nionyeshe hiyo ripoti. Hamsini na mbili? Na mimi nilivyokunong'oneza vile? Aibu gani hii!"

Basi ndugu zangu, sina mengi ya kuwafundisha, mimi mwenyewe bado nafundishwa. Nitasema hili tu. Shule ndogo ikitaka kufungwa, usikae unalaani ofisi. Soma barua mpaka neno la mwisho. Kama huwezi kuisoma, hiyo ni sababu nyingine ya kuiokoa shule.

Na kama kuna kitu unakificha nyumbani kwako, waulize kwanza wa nyumbani kama hawakijui. Mimi ningejipunguzia Jumapili nyingi sana.

Haya yote nimeandika kwa mkono wangu. Mke wangu amesahihisha sehemu mbili. Mama mkwe amesahihisha thelathini na moja.