Shangazi na Mashine ya Joto

Shangazi yangu ana kazi ambayo ukiieleza haraka inatisha: anawapasha watu moto kwa mawimbi ya maikrowevu, jamaa ya yale yanayopasha kiporo jikoni. Yuko kwenye chumba cha tiba ya viungo hospitalini, nyuma ya pazia la kijani, na wagonjwa wanamwita Mama Joto. Mawimbi yanapenya ngozi, yanatikisa maji yaliyomo kwenye nyama, na msuli uliokaza unalegea. Mgonjwa anasikia uvuguvugu tu. Ukizidisha, nyama inaungua ndani wakati ngozi bado haina habari.

Kwa hiyo Shangazi ni msumbufu, na mimi nampendea hilo. Atakukausha jasho kwa taulo, maana tone la jasho hupata moto upesi likakuchoma. Atakufumbisha macho akuguse kwa kichupa cha maji moto, kisha cha baridi, umwambie kipi ni kipi. Ukikosea, mashine huipati ng'o, kwa sababu asiyesikia moto hawezi kupiga kelele akiungua. Usoni haielekezi hata kwa mzaha: jicho halina damu ya kutosha ya kuondoa joto, na likipashwa kupita kiasi linaweza kuingia ukungu. Mwisho anauliza kama una chuma mwilini, kwa kuwa joto hujikusanya pembeni mwa chuma. Wanaume wengine huchekelea wakiulizwa hivyo. Yeye hacheki.

Kuna mtu mmoja ambaye Shangazi alikataa katakata kumweka chini ya mashine hiyo, naye ni Bibi, mama yake mzazi. Bibi aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Akaapa hakatwi. "Niacheni na mfupa wangu!" Kisha maumivu na homa vikamzidi, akawa hajitambui, na Shangazi ndiye aliyekubali apasuliwe. Madaktari wakamwekea chuma cha kuunga mfupa.

Alipopata nafuu Bibi alinuna mpaka tukamzoea, halafu akajiamulia jambo la ajabu: hana chuma. Ukimkumbusha, anakuuliza kama umekula. Tulimwachia, na tukishakuwa peke yetu tulicheka.

Maumivu lakini hayakumwachia. Asubuhi za baridi alikuwa akishika ukuta kufika chooni.

"Anawapasha watu baki," alininong'oneza siku moja, "mamaake anamwacha anachechemea. Mume wangu, nipeleke wewe."

Mimi ni mjukuu wake, na kwa utani wetu mimi ndiye mume, kwa hiyo sina pa kuchomokea. Akaniambia anataka kunyooshwa mguu tu. Nikampeleka, nikijua Shangazi yumo kikaoni chumba cha pili. Zamu ilikuwa ya msaidizi wake, binti mpole aliyeajiriwa karibuni. Wakaingia nyuma ya pazia, mimi nikakaa kwenye benchi.

"Bibi, una chuma chochote mwilini?"

"Sina."

"Hujawahi kupasuliwa?"

"Nani anipasue mimi?"

"Basi tufungue kitenge kidogo, Bibi, nione nyonga."

"Paja langu halitazamwi na watoto. Washa mashine yako."

Nilivuta pazia karibu kuling'oa. "Ana chuma! Usiwashe!" Binti akarudisha mkono kama aliyeshika sufuria la moto.

Kelele zangu zilimtoa Shangazi kikaoni. Nilijua atakuja juu, kwa sababu ulimi wake nautambua. Badala yake alichomoa waya ukutani, akaketi kwenye kiti cha wagonjwa.

"Mama, ungeungua ndani kwa ndani."

"Ningesikia. Nimezaa watoto saba, nitashindwa kusikia moto?"

"Ungesikia wakati nyama imeshaharibika."

Bibi alitazama dari. "Nilisema nisikatwe."

"Ulisema."

"Ukanikata."

"Nikakukata, Mama. Ulikuwa unaondoka, na mimi sikuwa tayari. Ninunie hadi nizeeke kama unataka, nitavumilia. Lakini usijichome kwa ajili ya kuninunia." Hapo akaangua kilio, Mama Joto mwenyewe, mbele ya mfanyakazi wake na mbele yangu. Binti wa watu hakujua atazame wapi. Mimi nilimpenda shangazi yangu siku ile kuliko nilivyowahi kumwambia.

Bibi akamgeukia binti.

"Niulize tena."

"Nikuulize nini, Bibi?"

"Kile ulichoniuliza."

Sauti ya binti ilikuwa ndogo. "Una chuma chochote mwilini?"

Bibi alifungua fundo la kitenge taratibu, akakisogeza, kovu refu likaonekana, na mkono wa Shangazi akauvuta akauweka juu yake.

"Kipo hapa," alisema. "Mwanangu aliniwekea. Alikuwa hataki nife."