Chupa ya Chai ya Jirani Anayehama

Kando ya barabara huku Al Wukair, Qatar, familia ya Wakenya wanaorudi nyumbani ilikuwa imepanga vyombo vya kuuza langoni. Nikaikagua chupa ya chai mara mbili, nikanusa kizibo. Kilinukia iliki ya zamani.

Zamani, nikiwa mtoto kwetu, jirani yetu alipohama, mama naye aliitaka chupa kama hiyo. Bibi alikuwa amelazwa, na uji uliopoa hakuugusa. Mama akashika kwanza sufuria asiyoitaka, akaitoa kasoro, kisha akauliza bei ya chupa kama anayeuliza njia.

“Hiyo haipungui, mama watoto.”

Mama akanivuta mkono, tukaondoka. “Usigeuke. Ataita tu.”

Tulitembea polepole kama wagonjwa. Jirani hakuita. Kwenye kona mama akasimama, akajifunga kanga upya, tukarudi.

“Nimekuja kukuaga,” akasema. “Si vizuri tuachane hivi.”

Jirani alicheka mpaka akakaa juu ya godoro. “Haya, lete ulicho nacho.”

Bibi alikunywa uji wa moto jioni ile.

“Riyali ishirini, mwisho,” akasema Mkenya pale langoni. Nikaiweka chupa chini, nikaondoka bila kugeuka. Nilipofika kona, nikarudi.

“Nimekuja kuwaaga,” nikasema.

“Kwani tunajuana?”