Baraka Bila Magoti

Keti, msomaji, nikueleze jambo hili kwa utaratibu. Anza na harufu: sombe, yaani kisamvu cha Wakongomani, iliyoungwa kwa mawese ikitokota upande mmoja wa jiko la kanisa, na chai ya tangawizi upande wa pili. Hiyo ndiyo harufu ya Jumapili zangu nilipokuwa na miaka kumi, hapa Houston. Sisi Wakenya wengi tulitoka kitongoji cha Katy, safari ya barabara kuu iliyonitosha kulala na kuamka. Wakongomani walitoka kwenye majengo ya Gulfton yaliyosongamana jirani na kanisa, wengine wakija kwa miguu. Wazazi wetu walikuwa wauguzi na watu wa ofisini. Wakongomani walifanya kazi kwenye maghala. Walikuja kwetu kwa sababu hapo ndipo waliposikia ibada kwa Kiswahili, nasi tukawapokea kwa moyo. Ila wazee wetu ndio waliopanga kila kitu: nani ahubiri, kwaya iimbe nini, hata sombe ipakuliwe saa ngapi. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, walipenda kusema. Jembe walitoa, shamba hawakugawa.

Kiangazi kile Wakongomani walitangaza kwamba wanataka kuwa na kanisa lao wenyewe. Hapakuwa na ugomvi, lakini mimi nilikosa usingizi. Rafiki yangu mkubwa alikuwa Furaha, binti wa mchungaji wao, Byamungu. Tuliimba sauti ya pili bega kwa bega, naye alinicheka kwamba Kiswahili changu kimevaa jinzi. Wakiondoka vibaya nisingemwona tena, maana katika mji huu kila kitu ni gari, na mtoto haendeshi.

Wazee wakaandaa ibada ya kuwaaga kwa desturi yetu. Mchungaji wa tawi jipya hupiga magoti mbele ya mchungaji mwenyeji, huahidi kumtii, ndipo awekewe mikono. Hakuna aliyefikiri kuwauliza wenyewe. Siku ya mazoezi Byamungu, mtu mrefu wa sauti ya chini, alifika mbele akasimama tu.

"Bon, baba, baraka tunapokea kwa mikono miwili," alimwambia mchungaji wetu. "Lakini magoti, hapana. Kule tulikotoka tulipigishwa magoti sana, na watu wenye bunduki."

Mzee Kariuki, msimamizi wa kwaya, akanong'ona kwa sauti ya kusikika kwamba basi na waende, na wakienda wasirudi. Mama Furaha akaingia jikoni, akaanza kukusanya sufuria zake.

Hapo ndipo baba yangu, aliyeitwa Baba Neema kwa jina langu, aliposimama. Baba alikuwa fundi wa kompyuta, hodari wa kueleza mambo polepole mpaka sisi watoto tukasinzia. Siku hiyo sikusinzia. Aliwauliza kama wanajua jinsi Jumuiya ya Madola ilivyozaliwa. Ilianza kama milki ya Mwingereza, alisema, na hakuna aliyeiomba. Nchi zilitwaliwa, watu wakanyang'anywa ardhi, babu yake akiwa mmoja wao. Baadaye makoloni yakaanza kujitawala, na sharti la kubaki pamoja lilikuwa kumtii mfalme mmoja. India ikataka kuwa jamhuri, isiwe chini ya mfalme, na bado ikataka kubaki. Wenzake wangeweza kuifungia mlango. Badala yake walikaa wakaligeuza sharti: mfalme awe alama tu ya umoja wao, asimtawale asiyetaka. Ndiyo maana Ghana, Kenya na Tanzania ziliweza kuwa jamhuri na zikabaki. Anayetaka kutoka hutoka, na wapo waliotoka wakarudi.

"Msumbiji na Rwanda hazikuwa makoloni ya Mwingereza, lakini zilibisha hodi zenyewe," alimalizia. "Nani hubisha hodi jela? Hiari yashinda utumwa, wazee wangu."

Mzee Kariuki akakuna kichwa. "Sasa, Baba Neema, unataka mchungaji wetu awe alama tu, kama malkia wa Uingereza?"

"Mimi niko tayari," mchungaji wetu akajibu, akijipapasa upara. "Taji tu ndilo litateleza."

Byamungu ndiye aliyecheka kwanza. Jumapili wachungaji wale wawili walisimama wakitazamana, kila mmoja mikono yake mabegani mwa mwenzake, wakaombeana. Ahadi ya utii ilifutwa. Walikubaliana tu kwamba Jumapili ya kwanza ya kila mwezi kuwe na ibada ya pamoja, anayetaka aje, na zamu ya kuwa mwenyeji izunguke. Ilipofika mara ya kwanza nilikaa dirishani nikiogopa, kwa kuwa hakuna aliyelazimika kuja. Wakaja wote, Furaha akiwa mbele, akiniuliza kwa nini nimekodoa macho kama bundi.

Leo mimi ni muuguzi, na watoto wangu hunijibu kwa Kiingereza hata nikiwasemesha Kiswahili. Lugha tumeipoteza. Lakini ushirika ule umekua. Warundi, ambao hawakuwahi kuwa chini yetu, waliomba wenyewe kuingia, na waumini wa kanisa moja la Dallas huendesha gari saa kadhaa kuja kuketi nasi. Wakongomani waliwahi kususa kwa muda, wakarudi, na hakuna aliyewadai maelezo. Jumuiya ya Madola nayo si paradiso. Madhila ya milki hayajasahaulika. Hata hivyo, kila nikitazama ramani yake nashangazwa na watu walioachiliwa kisha wakachagua kuketi pamoja. Nawe, kama unaongoza kwaya, chama au nyumba, fanya hivi wiki hii: muulize mmoja wa walio chini yako ni sharti gani linalomchoma, msikilize mpaka amalize, kisha liondoe.