Uso Ukutani

Televisheni ni ya kinyozi, nuksi ni ya fundi wa kuchomelea. Hakuna aliyembandika jina hilo. Alijibandika mwenyewe, eti akitazama yeye tu, timu inafungwa. Kila mechi hufika mapema, husalimia mmoja mmoja, halafu hutoka kusimama nje, uso ukutani, vidole vyenye makovu ya cheche vikibanduabandua rangi.

Leo timu yao, ugenini, ilibaki na wachezaji kumi, ikabanwa mpaka ikakosa pumzi, kisha ikapata bao dakika ya mwisho. Watu walikumbatiana, mmoja akiwa amenyolewa upande mmoja. Kinyozi akatoka.

"Tumewafunga kwao, kaka. Ingia."

Fundi hakugeuka. "Mwamuzi ameshapuliza?"

"Ameshapuliza."

"Una hakika?"

Kinyozi alitaka kumtania, akakumbuka. Mwezi uliopita alimsindikiza hospitali kumwona mkewe mgonjwa. Fundi aligoma kuingia wodini, asije akampelekea nuksi. Alisimama kwenye korido vivi hivi, uso ukutani. Mkewe alimwita mara tatu, kisha hakuita tena.