Sabuni kwenye Kanzu ya Ijumaa

Umkataze Firoza kufundisha kwa vitendo? Bora umkataze paka wa Mji wa Kale kunusa samaki. Binti huyu wa muuza leso wa Biashara Street anafundisha sayansi katika shule moja ya Ganjoni, na tangu utotoni mikono yake haijui kutulia. Alikuwa akikamulia ndimu kila kitu jikoni kwa mamake ili aone kitakachotokea. Akichapwa, kesho anarudia.

Basi wazazi wakalalamika kuwa sare za watoto zinajaa madoa. Mwalimu Mkuu, Abdulghafur, ni mtu mpole, lakini akisema kasema. "Mwalimu Firoza, Ijumaa nitakuja nione mwenyewe. Nikikuta ni mchezo mtupu, tutarudi kwenye ubao na vitabu."

Firoza akaitikia vyema, ila usiku usingizi ulimruka. Ubao mtupu! Watoto wale wa darasa la tatu wangesinzia kabla hajamaliza kuandika tarehe.

Ijumaa asubuhi alikuja na bakuli la maji ya bizari ya manjano, kopo la maji safi, vitambaa vyeupe, sabuni ya kipande na ndimu. Mwalimu Mkuu akaketi mbele kabisa, amevaa kanzu yake ya kwendea msikitini, nyeupe pepepe. Watoto wakasongamana waone. Kiwiko cha mmoja wao kikaligonga bakuli, na nusu ya bizari ikamwagikia mkono wa kanzu.

Firoza akajua mambo yamekwisha.

Kabla hajafungua mdomo, Jihan, mtoto aliyefunzwa adabu nyumbani hata ikazidi, alishaichovya sabuni kwenye kopo la maji na kuusugua ule mkono wa kanzu kwa bidii. Lo! Manjano ikageuka nyekundu kama damu.

Watoto wakapiga yowe, wengine wakapanda juu ya viti. "Mwalimu Mkuu amekatika!"

"Hajakatika," alisema Firoza. Liwalo na liwe, somo ndilo hili. "Bizari ikikutana na sabuni huwa nyekundu. Haya, tukitia ndimu itakuwaje?"

Mwenzake Jihan, Malak, akakamua ndimu palepale kwenye doa, na wekundu ukayeyuka, manjano ikarudi. Hapo makofi hayakuzuilika. Kila mtoto akataka zamu yake, na Firoza akacheka nao kwa furaha mpaka akasahau kuogopa.

Kisha akakumbuka. "Niwie radhi, Mwalimu Mkuu. Kanzu ikifuliwa na kuanikwa juani, doa litafifia."

Abdulghafur alisimama, akaenda hadi mlangoni huku akiutazama mkono wa kanzu, akaangalia saa yake, kisha akarudi kuketi.

"Adhana bado," alisema, akanyoosha mkono wa pili, uliobaki mweupe. "Hebu tieni bizari na huku. Zamu hii sabuni nipeni mimi."