Pengo la Vidole Vinne

Barua ya chuo kikuu ilifika kwetu Makongeni Jumamosi asubuhi, na kabla chai haijapoa nilikuwa nimeshagombana na mama. Nilikuwa nimechaguliwa kusoma fizikia. Yeye alikuwa ameshanitafutia nafasi ya kujifunza kupiga taipu mjini.

"Fizikia inaandikwa kazi wapi?" aliuliza.

Lilikuwa swali zuri, ndiyo maana nilikasirika.

Neno la mwisho lilikuwa la baba, fundi wa mabehewa. Nyumba zetu zilikuwa za reli. Kazi ya mtu ikiisha, alipakia vitanda vyake akahama, na baba alikuwa ameaga majirani wengi. Alinikalisha kwenye stuli.

"Haya mama, nielezee hiyo kazi."

Aliniita mama kwa sababu nina jina la mama yake, na heshima hiyo niliitumia vibaya tangu utotoni. Nikajimwaga. Wanafizikia wanajua kwa nini kikombe huanguka, kwa nini mwezi hautuangukii, jinsi taa inavyowaka. Nilitoa kila nilichojua, nikidhani ninashinda. Uso wa baba ulizidi kukunjamana.

"Kumbe wamemaliza," alisema. "Na kazi ikiisha, watu wanarudishwa nyumbani."

Mama akamwongezea chai, furaha imemjaa usoni. Nilitaka kulia. Nikafoka, "Hawajamaliza! Hata sheria zao hazipatani!"

"Sheria gani na gani?" baba aliuliza.

Nikamweleza nilichosoma kwenye gazeti kuukuu la sayansi pale shuleni. Kuna sheria za vitu vikubwa, sayari na nyota: mvutano ni anga na wakati vikipindika taratibu, bila kuruka. Kuna nyingine za chembe ndogo kabisa, ambazo huruka-ruka na mambo yake huenda kwa bahati nasibu. Kila moja kwake inafanya kazi vizuri. Lakini ukitaka kujua kilichomo ndani kabisa ya nyota nzito iliyojiporomokea, unazihitaji zote mbili, na hapo hesabu zinatoa upuuzi.

Baba aliweka kikombe chini.

"Hiyo naijua," alisema. "Nilipotumwa Dar niliona reli mbili, yetu na ile ya kwenda Zambia. Zote ni mzuri, zote treni inapita. Lakini ile imeshinda yetu upana na vidole vinne." Akaviinua. "Behewa yetu haiwezi ingia kule. Sasa hizi zenu, nani ameziunganisha?"

"Hakuna, Baba."

"Hata Wazungu?"

"Hata wao."

Alicheka hadi jirani akagonga ukuta kuuliza kuna nini. "Mama watoto, umesikia? Kazi iko!"

Nilienda. Kila likizo, kabla hata ya salamu, baba aliniinulia vidole vinne mlangoni. "Bado?" Nami nilijibu, "Bado, Baba," na alifurahi kama aliyepandishwa cheo.

Zamu yake ya kustaafu ilipofika, tulipakia vitanda kwenye lori. Sikuona chozi la mtu. Lori lilikuwa linakwenda kwangu, kwenye nyumba niliyopewa kama mwalimu wa fizikia, na mama alikuwa ameshajichagulia chumba. Baba, kutoka kiti cha mbele, alitoa mkono dirishani, vidole vinne juu.

"Bado, Baba!"

"Vizuri," alimwambia dereva. "Twende."